Tangazo la Mama Simu

Kabla ya kustaafu, Mama Simu alikuwa mtu wa swichibodi katika hospitali kubwa ya mjini. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na ndani mlikuwa na kiti cha kuzunguka, ubao wenye matundu na nyaya, na kikombe cha chai ambayo haikuwahi kunywewa ikiwa moto. Ukipiga simu hospitalini miaka hiyo, wa kwanza kukujibu ni yeye. Mji mzima uliijua sauti yake, na wengi hawakuwahi kuuona uso wake. Jina la Mama Simu alipewa na madaktari, likamganda, hata majirani wakasahau kwamba aliwahi kuwa na jina jingine.

Mumewe alifariki mapema, wakati binti yao wa pekee bado yuko shule. Aliyemshika mkono siku zile ni wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwembamba asiyeolewa, fundi wa kushona magauni ya harusi. Siku moja wifi aliingia bila hodi, akasimama katikati ya sebule.

"Vaa, tunatoka."

"Tunakwenda wapi, wifi?"

"Kulia mahali pengine. Hapa umelia vya kutosha."

Akampeleka kwenye ukumbi wa maonyesho. Mchezo wenyewe ukawa wa kuchekesha. Mama Simu alijizuia weee, akashindwa, akacheka mpaka akaficha uso ndani ya mtandio kwa haya. Alipoinua macho akamwona wifi naye anafuta machozi, na hakujua ni ya kicheko au ya kumlilia kaka yake. Tangu siku hiyo wakawa watu wa kutoka pamoja. Walikwenda kwenye michezo ya kuigiza, kwenye muziki, kwenye maonyesho ya picha. Waliwahi hata kukosea mlango wakaingia kwenye mhadhara juu ya nyuki, wakaona aibu kutoka, wakakaa hadi mwisho, na wiki nzima hawakuwa na mazungumzo mengine ila nyuki.

Basi wifi akaugua, na ugonjwa haukumpa muda. Mama Simu alimuuguza, akamzika, akarudi nyumbani. Binti yake alikuwa anampenda, hilo halina ubishi. Alikuwa msimamizi katika kampuni ya usafirishaji, mtu wa mbio tangu alfajiri, na hata hivyo akajitolea jioni moja kumsindikiza mama yake kwenye mchezo. Dakika chache za mwanzo alijibu ujumbe kwenye simu. Baadaye simu ikanyamaza, na kichwa chake kikaanguka polepole kwenye bega la mama yake. Mama Simu alikaa vile vile bila kutikisika, kama mtu aliyebeba trei ya glasi, mpaka taa zikawashwa.

"Ulikuwa mzuri sana, mama," binti akasema, huku anajifuta mdomo.

"Nimeona ulivyoufurahia," mama akajibu.

Hakumwomba tena. Mara iliyofuata akaenda peke yake. Mchezo ulimhusu mzee mmoja mchoyo aliyejifanya amekufa ili asikie watu watamsema nini msibani, na hakuna lililowashinda waigizaji wale. Mama Simu akatoka nje kicheko kimemjaa kifuani, akageuka kulia kusema, "Uliona alivyopiga chafya kwenye jeneza?" Kulia hapakuwa na mtu. Watu walikuwa wanashuka ngazi wawili wawili, kila mmoja na wake wa kumwambia. Akaishia kumsimulia mlinzi wa getini. Mlinzi alimsikiliza kwa adabu, akaitikia, "Naam, mama, naam," lakini hakuwa ameuona mchezo, na kicheko cha kuelezea si kicheko tena. Mama Simu akarudi nyumbani amenuna, akala bila hamu.

Aliyemtoa hapo ni msusi wake. Siku moja alikuwa amesimama nyuma yake, anamsuka nywele, akasikiliza malalamiko yote, mwisho akasema, "Sasa mama yangu, wewe unataka watu wakujue una shida kwa kukutazama usoni? Watu wakitafuta chumba wanabandika tangazo. Wakipoteza paka wanabandika tangazo. Ukuta wangu ule pale."

"Watu watanicheka."

"Si ulikuwa unatafuta wa kucheka naye?"

Mama Simu akaandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, kisha akakibandika kikaratasi chenyewe kati ya picha za mitindo ya nywele: *Natafuta mwenzangu wa kwenda naye kwenye michezo ya kuigiza, muziki na maonyesho ya picha. Mwanamke au mwanamume, awe mtu mzima kama mimi. Asiwe na haraka. Asilale.* Chini akaweka namba ya simu.

Lo! Simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja aliyeuliza kama anajua kupika. Wa pili alitaka kujua nyumba anayokaa ni ya kupanga au ni yake. Wa tatu alikuwa anauza vitanda vya kupunguza maumivu ya mgongo. Mama Simu, aliyezoea kupokea sauti za kila aina, aliwajibu wote kwa heshima na kuwakata kwa heshima. Wa nne alikuwa mwanamke mwenye sauti nene, ya mtu aliyezoea kuita wateja toka mbali.

"Dada, mimi nimeoka mikate maisha yangu yote," alisema. "Nilikuwa naamka watu wakiwa ndotoni, na jua likizama niko kitandani. Sijawahi kuona mchezo hata mmoja. Sasa duka nimewaachia watoto, usingizi umegoma kuja, na sina pa kwenda. Ila nakuonya, nikicheka nacheka kwa nguvu. Kanisani walishaniomba nikae nyuma."

"Nawe unakaa nyuma?"

"Nakaa mbele. Nyuma sisikii."

Mama Simu akacheka, akajua huyu amempata.

Wa tano alikuwa mwanamume. Alijitambulisha kwamba ni dereva mstaafu wa malori ya safari ndefu, mkewe ametangulia mbele ya haki, na aliliona tangazo alipompeleka mjukuu wake kusukwa. Alikuwa anazungumza kwa kusitasita, kama mtu anayerudisha gari nyuma kwenye uchochoro.

"Sitafuti mchumba, mama. Nasema mapema ili tusisumbuane. Nilipita miji mingi sana, lakini niliyoyaona ni magodauni na vituo vya mafuta tu. Nilikuwa naona mabango ya muziki ukutani, napita nayo. Nikasema labda sasa."

"Subiri kidogo kaka, usikate, nichukue miwani nikuandike," Mama Simu akasema.

Aliporudi, upande wa pili kulikuwa kimya.

"Upo?"

"Nipo." Sauti ya dereva ilikuwa imebadilika. "Samahani, mama. Wewe uliwahi kufanya kazi hospitalini? Kwenye simu?"

"Maisha yangu yote."

"Mungu wangu," dereva akasema. Mama Simu akamsikia anavuta pumzi. "Mwanangu wa kike alilazwa pale akiwa mdogo, homa ya uti wa mgongo. Mama yake alikuwa naye wodini, mimi niko barabarani na mzigo wa watu. Kila jioni nilikuwa nasimamisha gari penye kibanda cha simu, napiga. Wewe ndiye uliyekuwa unanipokea. Siku moja wodini hawakupokea kabisa. Ukaniambia, 'Subiri kidogo kaka, usikate.' Nikasubiri, natumbukiza sarafu, natumbukiza sarafu. Ukarudi unahema. Ukaniambia umepanda mwenyewe mpaka juu, umemwona mtoto kwa macho yako, amekunywa supu na ameuliza baba yuko wapi."

Mama Simu aliketi. Alijaribu kukumbuka, na ukweli ni kwamba hakumkumbuka. Walikuwa wengi mno, sauti za kina baba na kina mama kutoka vibandani, na ngazi zile alizipanda mara nyingi kila alipopata wa kumshikia kiti.

"Mtoto alipona?" akauliza kwa woga.

"Alipona! Ndiye mama wa huyo mjukuu niliyempeleka kusukwa. Na niliporudi safari nilikuja hospitalini kukushukuru, nimekuletea gunia zima la machungwa. Getini wakaniambia uko likizo. Nikawaachia walinzi wakupe."

"Gunia la machungwa?"

"Zima."

"Sikupata hata ganda!"

Wakacheka wote wawili, kila mmoja na simu yake sikioni, na kicheko hiki hakikuhitaji kuelezewa.

Habari njema hazikukaa bila kivuli. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache na nyusi nzito. Tangu dada yao, yule wifi, afariki, alikuwa amejifungia kwenye karakana yake, anapiga randa mbao ambazo hazina mteja. Habari zilimfikia vibaya, kwamba shemeji yake amebandika karatasi saluni anatafuta mwanamume. Akamchukua binti wa Mama Simu, wakaja pamoja, wakakaa kwenye kochi bega kwa bega kama mahakimu.

"Shemeji," alianza, "kama ni upweke, ungesema. Ukoo upo."

"Mama, namba yako ya simu iko ukutani!" binti akadakia. "Kati ya picha za rasta!"

Mama Simu aliwamiminia chai kwanza. Kisha akawaambia ukweli wote, bila kupaza sauti. Aliwaeleza alivyosimama kwenye ngazi za ukumbi akageuka kulia akakuta hewa. "Simtafuti mume," alisema. "Mume nilikuwa naye, na nilimaliza naye vizuri. Ninayemtafuta ni wifi. Najua simpati. Lakini yale tuliyokuwa tunayafanya na wifi, naomba mniruhusu niendelee kuyafanya."

Binti alitazama chini. Shemeji aliuliza, "Yapi hayo?"

Hapo ndipo Mama Simu alipogundua kwamba shemeji hakujua. Miaka yote hiyo alidhani dada yake jioni hubaki anashona.

"Njoo Jumamosi utaona," akamwambia. "Kama ni kunilinda, nilinde ukiwa ndani."

Jumamosi alasiri wakakutana mbele ya ukumbi. Mwokaji alifika wa kwanza, mwili mkubwa, gauni la maua makubwa zaidi, goti moja bovu analolivuta kama mtoto mkaidi. Dereva alikuja na suti iliyombana tumboni, ameshika kofia mkononi. Alipomwona Mama Simu hakujua amsalimie vipi. Alimshika mikono yote miwili, mwisho akasema tu, "Kumbe ni mfupi."

"Ulitaka nirefuke kwa simu?"

Shemeji alisimama kando, mikono nyuma, anamkagua dereva kuanzia viatu kwenda juu kama anayekagua mbao zenye mchwa.

Waliketi mstari mmoja. Mchezo ulikuwa wa mama na wanawe waliogombana kwa miaka juu ya shamba, wakawa hawasalimiani, kila mmoja anajifanya hajali. Mwokaji alicheka kama alivyoahidi. Mara ya kwanza mwigizaji alisahau maneno yake, akageuka kutazama ni nini kimelipuka. Dereva alikuwa ameegemea mbele kama yuko kwenye usukani, na kila mhusika alipotaka kufanya ujinga alikuwa anakanyaga sakafu, breki. Shemeji hakutikisika. Lakini ilipofika pale ndugu wanarudi nyumbani, wanamkuta dada yao mkubwa ameshazikwa, na mmoja anauliza, "Kwa nini hakuniambia alikuwa anaumwa?", Mama Simu alisikia kitu kama kikohozi pembeni yake. Akamtazama. Fundi seremala alikuwa analia, waziwazi, kama mtoto.

Mama Simu alimpa leso. Mwokaji, kutoka upande wa pili, akamnyooshea kipande cha keki kilichofungwa kwenye karatasi, maana kwake yeye hapakuwa na machozi yasiyotulizwa na kitu cha kutafuna.

Walipotoka nje shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mdomo. "Alikuwa anakaa wapi? Dada."

"Popote tulipopata. Ila alipenda pembeni, kwa sababu ya kukohoa. Na alikuwa anazitazama nguo kuliko waigizaji. Ananinong'oneza, 'Tazama pindo lile, limeshonwa na mtu mwenye njaa.'"

Shemeji akacheka. Mama Simu hakukumbuka lini alimsikia akicheka mara ya mwisho. "Huyo ndiye dada yangu," akasema. "Huyo kabisa." Kisha akamgeukia dereva, akampa mkono. "Bwana, wewe umeona yule kaka mkubwa? Yule alikuwa na haki?"

"Haki gani! Yule ndiye aliyeharibu kila kitu!"

"Hebu ngoja kwanza—"

Wakabishana mpaka kituo cha basi, na basi la kwanza likawapita wanaliangalia.

Ikawa hivyo. Walitoka kila walipoweza. Kwenye muziki wa vinanda dereva alifumba macho mwanzo mwisho, na walipomtuhumu kwamba amelala aliwapigia wimbo mzima kwa mluzi kuwathibitishia. Kwenye maonyesho ya picha mwokaji alisimama mbele ya picha ya mkate mezani, akatikisa kichwa, akasema haujaiva ndani. Kuna michezo waliyoipenda wote na mmoja ulioboa kiasi kwamba walitoka katikati kwa kuinama, wakaenda kunywa chai, wakautunga mwisho wake wenyewe. Shemeji alirudi kuchukua kazi za watu karakanani. Binti wa Mama Simu naye, kwa aibu ya lile kochi, akawa anamtumia mama yake habari za maonyesho mapya kabla hata hayajatangazwa mitaani.

Halafu goti la mwokaji likagoma kabisa. Akapasuliwa, akarudishwa nyumbani, akaambiwa asitoke mpaka daktari amruhusu. Na hiyo ndiyo ilikuwa wiki ya onyesho walilolisubiri muda mrefu, kichekesho kuhusu malkia mbishi aliyekataa kushuka kitini hata nyumba ya kifalme ilipokuwa inaungua.

"Nendeni," mwokaji aliwaambia kwenye simu. Ile sauti nene ilikuwa imepungua. "Mimi nishazoea kulala mapema."

Mama Simu alizijua sauti. Aliweka simu chini, akafikiri, akawapigia wengine wawili.

Wakaenda, wakatazama kwa makini kuliko siku zote. Kesho yake asubuhi wakabisha hodi kwa mwokaji. Walimkuta kitandani, mguu juu ya mito, chumba kinanukia dawa ya kuchua, mwanawe ameshakwenda dukani. Mama Simu alibeba shuka jekundu, dereva kofia mbili za plastiki za kazini, na shemeji alikuwa ameshika kiti alichokichonga mwenyewe usiku kucha kutoka mbao mabaki, kirefu mgongoni, bado hakijapigwa msasa.

"Ni nini hiki?" mwokaji akauliza.

"Nyamaza, mchezo umeanza," dereva akasema, akavuta pazia la dirisha.

Mama Simu alikuwa msimuliaji, na waziri, na moto. Dereva alikuwa askari wote, anabadili kofia kila anapogeuka. Malkia alikuwa shemeji. Yule mtu wa nyusi nzito alijifunga shuka jekundu, akapanda kitini, akainua kidevu, akatangaza kwa sauti nyembamba kwamba moto hauna adabu kuingia bila kualikwa. Mwokaji alianza kutetemeka. Waziri alipomwagia malkia maji ya kikombe ili kumwokoa, na malkia akauliza kama maji hayo yamechemshwa, kile kicheko kikalipuka, kikajaa chumba, kikatoka dirishani.

"Mtanifungua nyuzi!" mwokaji akapiga kelele, ameshika paja. "Jamani, nyuzi zangu! Endeleeni!"

Majirani wawili walikuja mlangoni kuuliza kuna nini. Wakakaribishwa. Wakasimama kando ya kabati na nguo zao za kufua mikononi, wakatazama hadi malkia alipoteketea kwa heshima zote.

Walipomaliza, dereva akafungua pazia, shemeji akajifungua shuka, akawa anajifuta maji shingoni, ghafla ana haya tena. Mwokaji alikuwa amelegea kwenye mito, uso umelowa.

"Nimeoka keki za harusi za watu wangapi mimi," akasema polepole. "Za kuzaliwa, za kuagana. Nilikuwa nazipeleka, naishia mlangoni, narudi. Sijawahi kufanyiwa sherehe chumbani mwangu." Akawaangalia mmoja mmoja. "Asanteni. Sina neno jingine. Asanteni."

"Malkia alikuwaje?" shemeji akauliza, anatazama sakafu.

"Mbaya sana," mwokaji akasema. "Nataka kumwona tena kesho."

Mama Simu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anapumua kwa nguvu baada ya kuwa moto. Dereva alikuwa anawaeleza majirani, kwa mikono miwili, jinsi mandhari ya kweli ya ukumbini yalivyokuwa, na shemeji anamkatiza kumsahihisha. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza yeye, wala hakuhitaji kusikilizwa. Alikunja shuka jekundu taratibu juu ya mapaja yake. Mungu, akasema moyoni, umenipa tena wa kucheka nao. Kisha akasimama kwenda kuchemsha maji ya chai ya watu sita.